Jina Langu Linakula Nyumbani kwa Kaka

Wiki iliyopita mliniacha dirishani pa ofisi ya msaada wa chakula, mkono mmoja umeshika kitambulisho, wa pili umeshika suruali isidondoke. Njaa ilikuwa imenipunguza kiuno.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi ni fundi wa makochi, mtaani wananiita Sponji. Banda langu la kazi liliungua. Chumba tulichopanga kilikuwa mgongoni mwa banda, nacho kikaenda. Tangu hapo mimi, mke wangu, mabinti zetu wawili na mama mkwe wangu tunalala kwenye stoo ya mbao ya rafiki yangu seremala. Tukiamka tunajipangusa vumbi kama samani.

Ofisi ya msaada wa chakula inatoa unga, maharage na mafuta. Lakini kwanza uthibitishe unakaa wapi. Ulete karatasi ya umeme, au mkataba wa chumba, au barua ya mwenye nyumba. Barua ya seremala waliitupa. Stoo si makazi, wakasema. Aliyekosa nyumba ndiye anayeulizwa nyumba yake iko wapi.

Mwenye nyumba pekee niliyebaki naye duniani ni kaka yangu. Anakaa nyumba ya marehemu baba, ile tuliyozaliwa wote wawili. Anaitwa Koti, kwa sababu jua liwake, mvua inyeshe, koti lake halitoki begani. Nilimwendea, nikamwomba aandike tu kwamba ninaishi kwake. Alinijibu mlango ukiwa umefunguka upana wa uso wake.

"Nikiandika kwamba unaishi hapa, kesho utasema na nyumba ni yako."

Akafunga. Palepale barazani niliapa kwamba mlango ule utanifungukia, na atakayeufungua ni yeye.

Basi, dirishani. Nilikuwa nimerudi kuomba wanipokee hivyo hivyo, bila barua. Karani akachukua kitambulisho changu, akabonyeza mashine yake, akanitazama.

"Mzee, unanitania?"

"Nikutanie na njaa hii?"

"Wewe mbona umo? Umesajiliwa zamani. Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya soko. Mgao wako unachukuliwa kila mwezi."

"Nani anauchukua?"

"Mkuu wa kaya. Kaka yako, sivyo?"

 Nilikuwa nimekaa sakafuni, na sikukumbuka kukaa.

"Mzee, inuka, kuna watu nyuma yako."

Niliinuka. Nikakumbuka siku tulipomaliza matanga ya mama. Koti aliniomba nakala ya kitambulisho. Ni ya mirathi, alisema, mambo ya baba yakae sawa. Nikampa. Mirathi sikuiona, lakini kumbe jina langu lilibaki pale nyumbani, linakula maharage, linanenepa, mimi mwenyewe nimelala juu ya mbao.

"Sasa mke wangu na watoto?" nikamuuliza karani. "Na mama mkwe?"

"Wanaongezwa siku ya ukaguzi. Mkaguzi anakuja hapo kwenu Alhamisi. Anaanza na waliomo, anahakikisha wanaishi kweli, halafu anaandika wapya. Kaka yako tumeshampigia simu."

"Na akikuta mtu hayupo?"

"Akikuta jina hewa, nyumba nzima inafutwa. Na kila jina lililokuwemo linafungiwa. Haliandikwi tena hapa wala kwingine."

"Hata aliyeandikwa bila kujua?"

"Mzee, kila mtu husema hakujua."

Nikatoka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumchongea Koti, lakini maneno yakanirudi kooni. Nikimchongea, nafutwa naye. Mwizi wangu na mimi tumefungwa kamba moja.

Nilimsimulia mke wangu. Akaacha kupepeta mchele wa kuokoteza.

"Kwa hiyo kaka yako ameapa serikalini kwamba unaishi kwake?"

"Ameapa."

"Na Alhamisi lazima uonekane pale, la sivyo anaumbuka?"

"Ndiyo."

Mke wangu si mtu wa kucheka ovyo. Siku hiyo alicheka mpaka seremala akazima randa kusikiliza.

"Basi tulia," akanambia. "Usimtafute. Atakuja mwenyewe."

Pembeni, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, mgongo wima kama ubao wa chini yake. Huyu mama hasemi uongo. Hata wa adabu hasemi. Ukimpikia chakula kibaya atakwambia ni kibaya na atakwambia kwa nini. Na tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniita mkwe, sembuse mwanangu. Mimi kwake ni "huyu mtu".

"Huyu mtu," akamwambia binti yake, mimi nipo, "atatulaza kwenye misumari mpaka lini?"

"Karibu tutahama, mama," nikamjibu kwa heshima zote, macho chini.

"Mwambie huyu mtu nimesikia."

Koti alifika kesho yake. Alikuja na koti lake na mfuko wa sukari, akasimama mlangoni mwa stoo akitafuta mahali pa kukanyaga pasipo na vumbi.

"Mdogo wangu!" akasema.

Mara ya mwisho kuniita hivyo tulikuwa na meno ya utoto.

"Karibu, kaka. Hapa ndipo nisipoishi," nikamwambia.

Akajifanya hakusikia. Akakohoa. Akauliza hali za watoto, akawakosea majina wote wawili. Kisha akaingia kwenye shida yake.

"Kuna kijimkutano kidogo Alhamisi. Watu wa chakula wanapita nyumbani. Nikasema, kwa nini ndugu yangu asiwepo? Uje asubuhi, ukae kae, wakiondoka na wewe urudi zako. Nitakupa debe la unga."

"La nani?"

"Nini?"

"Unga wa nani, kaka? Wako au wangu?"

Jasho likamtoka. Koti lake hakulivua.

"Nani kakwambia?"

"Dirishani. Walinisalimia kama mteja wa zamani."

Akakaa juu ya mbao bila kupangusa. Hapo nikajua ameshikika.

"Sikiliza," akasema, sauti chini. "Mimi nikianguka, na wewe unaanguka."

"Najua. Ndiyo maana sijaenda kusema. Lakini siji Alhamisi, kaka. Nakuja kesho. Na siji peke yangu. Nakuja na mke, na watoto, na mama mkwe, na sufuria, na magodoro. Umeapa ninaishi kwako. Basi nataka kuishi."

"Nyumba haina nafasi!"

"Chumba cha mbele cha baba."

"Pale nimeweka televisheni."

"Itazoea kwingine."

Aliniangalia kwa macho ya mtu anayepima kisu. Mimi nilikuwa nang'oa misumari kwenye kiti cha mteja, nikaendelea kung'oa, mmoja mmoja.

"Mpaka Alhamisi tu," akasema mwisho. "Mkaguzi akitoka na nyinyi mnatoka."

"Tutaona," nikasema.

Yeye alidhani ananivumilia mpaka Alhamisi. Mimi nilikuwa naingoja Alhamisi kuliko yeye. Mkaguzi akishaandika kwa mkono wake kwamba mimi na wangu wote tunaishi pale, basi ndiyo barua ya mwenye nyumba niliyonyimwa, tena yenye muhuri. Watoto wangu watakula. Na Koti atatutoa kwa maneno gani, ikiwa amethibitisha mbele ya serikali kwamba hatujawahi kuondoka?

Tulihama na mkokoteni wa seremala. Mke wangu alivaa nguo yake ya harusi za watu. Mtaa mzima ulitoka barazani.

"Sponji! Umerudi kwenu?" akaniita mama muuza mkaa.

"Nimeambiwa sijawahi kuondoka!"

Wakacheka, na vicheko vilimfikia Koti pale getini. Na kweli alilifungua yeye, kisha na mlango ule, kwa mkono wake. Nikapita polepole. Nikarudi nje kama niliyesahau kitu, nikapita tena.

Chumba cha mbele nilikikuta na kochi la baba. Ndilo kochi la kwanza kulitengeneza maishani mwangu. Niliacha shule nikiwa bado na kaptula, baba akaninunulia nyundo, akanambia nianzie pale alipokuwa anakaa. Koti alikuwa ameligeuza kitanda cha mbwa. Nilimtoa mbwa, nikalikung'uta, nikaketi. Sikusimama mpaka alipokuja kuniona nimeketi.

Sitawaficha. Siku zile nilimtesa kaka yangu na nilifurahi. Nilikuwa naanza kugonga misumari kabla hajaamka. Nilining'iniza kanda za sponji kwenye kamba yake ya nguo. Akiwa na wageni wake napita katikati na fulana iliyochanika, nawasalimu mmoja mmoja kwa kuwashika mikono.

"Na huyu?" wageni wakauliza.

"Mimi ni mdogo wake. Tunaishi pamoja. Hajawaambia? Basi ana aibu sana huyu."

Siku ya pili nilisimama mbele ya chumba cha akiba.

"Fungua, kaka."

"Ya nini?"

"Jina langu limo humo. Limekula peke yake muda mrefu, nami nataka kuonja."

Shemeji, yaani mke wa Koti, alikuwa amesimama nyuma yake. Mwanamke mpole, mwenye mabega yaliyozoea kuinama. Akatoa ufunguo kifuani kabla mumewe hajajibu, akaniwekea mkononi.

"Chukua, shemeji," akasema. "Mimi nilimwambia tangu mwanzo."

"Nyamaza!" Koti akamkemea.

Shemeji akainama. Lakini niliona ameficha tabasamu kwenye kona ya mdomo.

Jioni ile mabinti zangu walilala bila kuulizia kesho watakula nini. Mke wangu alinipigia magoti kama utani, akanambia, "Mheshimiwa mwenye nyumba." Hata mama mkwe alimaliza sahani.

"Maharage yameiva," akasema.

Kutoka kwake, hiyo ni hotuba ya shukrani.

Kosa alilifanya Koti, na alilifanya Jumatano.

Mama mkwe alikuwa anatoka bafuni. Lile bafu lina kitimbi chake. Baba alijifungia umeme mwenyewe bila kujua kazi, swichi ya taa akaiweka nje, chini karibu na sakafu, nyuma ya ndoo. Mgeni hutembeza mkono ukutani mpaka achoke, halafu anaoga gizani. Mama mkwe alikuwa ameoga gizani. Akakanyaga sabuni, akashika pazia, pazia likashuka naye.

Nilimsikia Koti kabla sijamuona.

"Umenivunjia bomba la pazia! Nani alikuruhusu kuoga ndani? Kuna choo cha nje kule!"

"Samahani, mwanangu," mama mkwe akasema. Alikuwa bado chini, ameshika kiuno. Kumbukeni, alimwita mwanangu. Mimi miaka yote ile sijalipata hilo neno, Koti alilipata ndani ya siku chache.

"Mwanangu nani? Mimi si mwanao. Wewe si wa humu. Mimi sikujui!"

Nilitaka kumrukia. Mke wangu akanishika mkanda kwa nyuma.

"Alhamisi," akaninong'oneza. "Vumilia mpaka Alhamisi."

Mama mkwe aliinuka mwenyewe. Akatengeneza mtandio wake kichwani, pande zote mbili, bila haraka. Akamtazama Koti usoni kwa muda, kama mtu anayekariri njia ili siku nyingine asipotee.

"Hunijui," akasema. "Sawa."

Basi. Akaenda kulala chumba cha nyuma, na hakutoka hata kula.

Alhamisi ikafika. Mkaguzi alikuwa binti mdogo, viatu vya plastiki, mwavuli kwapani, sauti ya chini. Nilitegemea jitu. Lakini macho yake! Hakuuliza karatasi. Alihesabu ndala mlangoni. Alitazama miswaki. Alishika godoro langu kuona kama limelaliwa. Mabinti zangu walikuwa shule, akataka kuona madaftari yao.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi," Koti akasema. Alikuwa amepiga pasi koti. "Huyu mke wangu. Huyu mdogo wangu, tunaishi naye tangu baba afariki."

"Baba," mkaguzi akanigeukia, "bafu liko wapi? Niwashie taa nione."

Nilimuelewa. Huo ndio mtihani wake. Nilitembea bila kuangalia, nikainama, nikapitisha mkono nyuma ya ndoo, taa ikawaka. Baba yangu, popote ulipo, ule umeme wako mbovu ndio ulionipa nyumba.

Mkaguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaandika.

"Huyu anaishi hapa," akasema, nusu kwake mwenyewe.

 Koti akashusha pumzi. Kwa nukta moja tulikuwa ndugu.

"Nina watu wa kuongeza," nikasema. "Mke wangu yule pale uani, na mabinti wawili, na..."

"Tutafika, baba. Tumalize kwanza waliomo." Akateremsha kidole kwenye orodha yake. "Nimebakiza mmoja. Mama yenu. Yuko chumba gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mama yetu?"

"Mama mzazi. Hapa pameandikwa ni mgonjwa, hawezi kutoka, kaka yako anamchukulia mgao wake. Nimsalimie tu."

Niligeuza shingo nikamtazama Koti. Akatazama dari.

Wasomaji wangu, mama yetu tulimzika. Nilimzika mimi. Alifia mikononi mwa mke wangu, kwa mjomba, mbali na hapa, baada ya kuugua muda mrefu ambao Koti hakuja hata mara moja. Alikuja siku ya mazishi, na miwani myeusi, udongo haujakauka akauliza hati za nyumba ziko wapi. Huyo mama ambaye hakumletea hata kikombe cha uji alipokuwa hai, kumbe Koti amekuwa akila chakula chake alipokufa.

 Nikatia mikono mfukoni isije ikamfikia Koti. Jina hewa moja, na nyumba nzima inafutwa. Mabinti zangu wanarudi kwenye mbao, na safari hii bila dirisha la kuombea.

"Mama yupo?" mkaguzi akauliza tena.

"Amelala," shemeji akasema haraka. "Chumba cha nyuma."

Lo! Tulimgeukia wote. Alikuwa amekuwa mweupe kama unga. Nadhani neno lilimtoroka kwa woga. Lakini lilikuwa limeshatoka, na chumba cha nyuma kweli alikuwemo mama wa watu amelala.

"Nitamsalimia kwa dakika moja," mkaguzi akasema, akatangulia.

Tulimfuata kama watu wanaosindikiza jeneza. Mlangoni Koti aliniminya mkono.

"Mwambie akubali," akaninong'oneza. "Mwambie mama mkwe wako akubali, nakuomba."

"Huyo humjui, kaka," nikamnong'oneza nami. "Si ulisema?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, mtandio umekaa sawa. Hakuwa amelala. Kuta za nyumba ile ni nyembamba, na masikio yake hayana kasoro. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Shikamoo, mama," mkaguzi akasema, akachuchumaa mbele yake.

"Marahaba, binti yangu."

"Unaendeleaje?"

"Kiuno kinauma. Nilianguka bafuni."

"Pole sana. Wanakutunza lakini?"

"Wapo wanaonitunza."

Kila jibu lilikuwa kweli tupu. Nilianza kuomba kimoyomoyo mkaguzi asimame, aage, atoke.

"Na hawa mabwana wawili," akasema, "ndio wanao?"

 Uani mke wangu aliacha kuosha vyombo. Mimi nikafumba macho. Nilijua anachokwenda kusema. Atasema si wanangu, huyu mmoja ni mume wa binti yangu, tena si mume wa maana. Huyu mama hasemi uongo.

"Mmoja," mama mkwe akasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameinua mkono, na kidole chake kilikuwa kinanielekea mimi.

"Mwanangu ni huyu. Alinilaza kwenye misumari, lakini hakuniacha nyuma."

Neno nililolingoja miaka yote ndilo hilo. Sikupata muda wa kulionja.

"Na huyu mwingine?" mkaguzi akauliza.

Mama mkwe akamtazama Koti kutoka kola mpaka viatu.

"Huyu simjui. Mwenyewe alinambia jana."

"Mama!" Koti akapiga kelele. "Mama, mimi mwanao wa kwanza!"

"Mimi nina binti mmoja, na huyu. Wewe ni nani?"

Mkaguzi akasimama. Tabasamu la bafuni lilikuwa limekwisha. Akafungua kalamu, akamtazama Koti.

"Bwana, wewe ndiye unayechukua mgao wa nyumba hii?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa jina la mama ambaye anasema hakujui?"

"Huyu si..." Koti akaanza, akakata.

Niliona mtego ukimfunga, jino kwa jino. Akisema huyu si mama yetu, ataulizwa mama yenu yuko wapi. Akinyamaza, yeye si mtoto wa nyumba hii, bali ni mtu wa nje aliyeingia na koti akala chakula cha kikongwe.  Akamtazama mkewe amsaidie. Shemeji aliinama, akawa anahesabu vigae vya sakafu.

"Watu wawili hawa, mmoja ananidanganya," mkaguzi akasema, sasa kwangu. "Ama mama huyu si mama wa humu, na nyumba hii naifuta yote leo. Ama bwana huyu si wa humu, na yeye nampeleka kituoni, nyinyi wengine mnabaki. Wewe ndiye niliyekuona unaijua nyumba, baba. Nakuuliza wewe. Huyu bwana ni nani?"

Koti akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu tukue, alikuwa amevua koti. Amelikunja mkononi, shati limemganda mgongoni, na bila lile koti alikuwa mtu mwembamba tu, anafanana na baba.

"Mdogo wangu," akasema. 

Nilifikiria mlango uliofunguka upana wa uso wake. Nilifikiria mbwa juu ya kochi la baba, na mama aliyekuwa anauliza kila jioni kama mwanawe wa kwanza ameshafika.

Nikatoa mikono mfukoni. 

"Dada mkaguzi," nikasema, "ngoja kwanza asogee kwenye mwanga. Nimtazame vizuri. Huenda nikamkumbuka."